Uchawi wenye masharti

Haya jamani, leo siasa zipumzike. Bei ya mchele nayo ipumzike, ingawa yenyewe haijui kupumzika. Leo nataka tuzungumze habari ya sinema, tena sinema ya wachawi na majoka, na namna ilivyopokelewa kwetu Shumba.

Sinema yenyewe inaitwa Dungeons & Dragons: Honor Among Thieves. Ilitoka Machi 2023, waongozaji wake ni Jonathan Goldstein na John Francis Daley. Kwa ambao hamjaiona: kuna mwizi mmoja mpiga gambusi anaitwa Edgin (Chris Pine), na mwenzake Holga (Michelle Rodriguez), mwanamke wa shoka, tena shoka kweli si maneno. Wanatoroka jela, wanarudi mjini, wanamkuta rafiki yao wa zamani keshakuwa mtawala, kazungukwa na walinzi, na binti wa Edgin kamfanya wake kwa maneno matamu. Huyo rafiki kachezwa na Hugh Grant. Basi Edgin anakusanya kundi la watu wasio na mbele wala nyuma ili amrudishe mwanawe na akipate kibao kimoja cha kufufulia maiti, maana mkewe aliuawa na wachawi na yeye hajakubali.

Walioandika juu ya sinema hii wengi waliisifu kwamba inachekesha, wakaishia hapo. Ni kweli inachekesha. Lakini hebu tujiulize, inachekesha kwa nini? Mimi nilipata jibu Shumba, si kwa wachambuzi, na jibu lenyewe ni neno moja ambalo kila Mpemba analijua tangu utotoni: masharti.

Lakini kwanza habari ya mchezo, maana sinema hii imetokana na mchezo. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulitoka Marekani mwaka 1974, waliouanzisha ni Gary Gygax na Dave Arneson. Hauna mpira wala kete za kulana. Watu wanakaa mezani, mmoja anakuwa msimulizi: "Mmefika mlango wa pango, ndani mnasikia kitu kinakoroma, mnafanyaje?" Kila mmoja kajipa nafasi yake, huyu mwizi, huyu mchawi, huyu shujaa. Anasema atakachofanya, halafu anarusha dadu lenye pande 20 kujua kama amefanikiwa au ameumbuka. Basi. Ni hadithi ambayo wasikilizaji nao wana kauli. Bibi yangu angeufahamu mchezo huu kwa dakika mbili, kasoro dadu tu. Kwake yeye dadu lilikuwa usingizi: ukimshika mapema, shujaa anafia njiani na sisi tunaambiwa tukalale.

Sasa sikilizeni kituko. Miaka ya 1980 Wamarekani wenyewe waliuogopa mchezo huu! Walisema unafundisha watoto uchawi na kuabudu mashetani. Mama mmoja, Patricia Pulling, aliyefiwa na mwanawe kwa kujiua mwaka 1982, alianzisha chama cha kuupiga vita, na mambo yalifika mbali hadi toleo la mwaka 1989 likatolewa bila majina ya mashetani. Niliposoma habari hiyo nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Maana sisi Wapemba tunaijua hiyo kesi. Sisi ndio tuliowekwa ndani ya mchezo wa watu wengine bila kuulizwa.

Mwaka 1931 mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh alitoa kitabu chake cha safari, Remote People, na humo akaitaja Pemba kuwa ni kituo kikuu cha uchawi ambako watu huja kusoma kutoka mbali. Karibu miaka mia imepita. Leo ukifika Dar es Salaam ukisema unatoka Pemba, mtu wa pili au wa tatu lazima atasema, "Yakhe, usituroge bwana!" Mimi nimeshazoea, huwa nawajibu kwamba kwa mshahara wangu siwezi kumudu vifaa. Lakini si kila wakati jambo hili ni mzaha. Mwaka 1995 hofu ya popobawa iliyoanzia huku Pemba ikavuka bahari hadi Unguja, watu wakawa wanalala nje makundi kwa makundi, na mjini Unguja umati ukamuua mtu aliyekuwa mgonjwa wa akili kwa kumdhania kuwa ndiye. Kwa hiyo mtu akiniambia sinema ya wachawi ni burudani tu, mimi nauliza: burudani kwa nani, na inaoneshwa wapi?

Tuje Shumba basi. Wasioijua, Shumba ni mbili, Shumba Mjini na Shumba Vyamboni, zote wilaya ya Micheweni, kaskazini ya Pemba. Ukitoka Chake unapita Konde na kuendelea mpaka unaanza kujiuliza kama dereva amekusahau. Ni watu wa bahari, wa mwani, na wa mashamba ya juu ya mawe. (Kwa lugha ya Kishona, huko Zimbabwe, shumba maana yake simba. Kumbukeni hilo, litarudi.)

Desemba 2023 nilikuwa likizo nyumbani. Binamu yangu anaendesha banda la TV. Siku za mpira linajaa, siku zisizo na mpira anaweka sinema kwa shilingi 300, watoto nusu. Umeme tunao siku hizi, ule unaopita kwenye waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, uliofika Pemba mwaka 2010, kwa hiyo habari za kuchangishana petroli ya jenereta zimebaki kwa wahenga. Nikamletea flashi yenye sinema hii. Tatizo ni kwamba imo kwa Kiingereza. Binamu akasema, "Hilo si tatizo, hiyo ndiyo kazi."

Wasomaji wa Bara mtakumbuka kanda za video zilizotiwa maelezo ya Kiswahili, za kina Lufufu na wenzake. Msimulizi anakaa juu ya sinema, anaeleza, anaongeza chumvi, anampa mtu jina jipya. Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings aliandika makala juu yao, akaipa jina linalosema kazi yao ni kugeuza wali kuwa pilau. Binamu yangu hajasoma makala hiyo lakini pilau anaijua. Yeye hutia sauti palepale, kasimama pembeni ya TV na rimoti mkononi, sauti ya TV kaipunguza. Kiingereza chake ni cha skuli ya kata na mpira wa Uingereza. Panapomshinda anabuni.

Basi Edgin akawa Idi Gambusi. Holga akawa Bi Shoka. Hugh Grant hakupewa jina jipya, alipewa cheo tu: "Mheshimiwa". Alipotokea kwa mara ya kwanza, anatabasamu, kamkumbatia mtoto wa mwenziwe, banda zima likaguna. Walimjua! Hakuna aliyehitaji tafsiri. Yule mtoto ana mkufu wa kumfanya asionekane, binamu akasema hirizi, ikapita bila maelezo. Alipotokea dubu mwenye kichwa cha bundi kulitokea mtafaruku kidogo. Dubu hakuna anayemjua, lakini bundi jamani, kwetu si ndege wa kuchezea. "Bundi la Kizungu!" akapiga kelele mtu mmoja, na watoto wakajificha nyuma ya migongo ya wakubwa.

Halafu akaja yule shujaa mwadilifu, Xenk, kijana mtanashati asiyejua mzaha hata kidogo. Kachezwa na Regé-Jean Page, aliyekulia Harare. Nikamnong'oneza binamu habari ya Kishona, kwamba huko kwao shumba ni simba. Lahaula! Ilikuwa kosa kumpa mtu yule habari kama ile. Kuanzia hapo Xenk akawa "kijana wetu wa Shumba", na kila akitoa upanga ni makofi.

Hapo ndipo likaja daraja. Nataka nilikae kidogo daraja hili. Kundi limefika kwenye daraja la mawe lenye mtego. Xenk anaanza kueleza masharti ya kulivuka, hatua hii namna hii, jiwe lile usikanyage, ukifika pale rudi nyuma, maelezo marefu kabisa ya kiungwana. Kabla hajamaliza, Simon, yule kijana mchawi asiyejiamini, kaweka mguu. Daraja lote likaporomoka.

Banda lilipasuka. Sijawahi kuona watu wanacheka hivyo tangu timu moja (siitaji) ijifunge wenyewe dakika ya tisini. Mzee mmoja wa mtaa wa pili alikuwa anajipiga paja: "Si masharti hayo! Si masharti! Hakungoja masharti!" Na mimi, niliyekuwa nimeiona sinema ile mara mbili peke yangu mjini, ndipo nikaiona kwa mara ya kwanza.

Maana fikirini. Hadithi zote za uganga tulizokua nazo ni hadithi za masharti. Nenda, usigeuke nyuma. Pita njia ile, ukisalimiwa usiitike. Kuku awe mweusi, asiwe na unyoya hata mmoja wa rangi nyengine. Na katika kila hadithi, bila kukosa, mtu anageuka nyuma, anaitikia salamu, anapatikana unyoya mweupe chini ya bawa. Nguvu haina mipaka katika hadithi za watoto wadogo tu. Katika hadithi za watu wazima nguvu ina miiko yake, na binadamu ni yule yule, msahaulifu, mwenye haraka. Sinema hii imejaa hayo. Ile kofia ya chuma wanayoitafuta haivaliki mpaka imkubali mwenyewe, na Simon kila akiivaa inamkataa. Kibao cha kufufulia kinafanya kazi mara moja tu, mtu mmoja, basi. Waliotunga mchezo ule mwaka 1974 walielewa jambo ambalo waganga wetu walilielewa zamani: bila masharti hakuna hadithi. Na bila dadu, yaani bila uwezekano wa kuumbuka, hakuna kicheko.

Hollywood walitumia kiasi cha dola milioni 150 kuitengeneza, ikaingiza zaidi kidogo ya milioni 200 duniani, na kwa hesabu zao za ajabu huko ni kama kushindwa. Sijui wangesemaje wangepiga hesabu ya kicheko cha Shumba.

Sasa makaburi.

Nilikuwa na wasiwasi na sehemu hii. Kundi linahitaji kujua kofia iko wapi, na waliojua wote walishakufa vitani. Wanakwenda kwenye makaburi ya watu wa kabila la Holga, wanachimba. Simon ana uchawi wa kumwamsha maiti, lakini (haya, semeni wote) kwa masharti: maswali matano tu. Akishajibu la tano anakufa moja kwa moja. Kwenye banda nikasikia "astaghfirullah" kutoka kona mbili tatu, na mtu mmoja akatoka nje, nadhani alikwenda kuvuta sigara lakini inawezekana hakupenda.

Maiti akaamka. Na wale wapuuzi wakaanza kuyapoteza maswali! Wanaulizana wenyewe kwa wenyewe, maiti anajibu, nalo linahesabika. Wanamaliza matano, hawajapata kitu, wanachimba mwengine. Watu wakaanza kucheka taratibu, kama wanaomba ruhusa, halafu wakacheka kweli. Binamu akasimamisha picha kwa rimoti. Akauliza banda: "Ungekuwa wewe, una maswali matano, ungemuuliza nani na nini?"

Huko kwenye mchezo wenyewe ndivyo msimulizi anavyofanya, anasimama na kuuliza: mnafanyaje? Binamu yangu hajui hata kama mchezo upo.

Majibu yakamiminika. Kijana mmoja alisema angemuuliza babu yake ule mkarafuu wa mpakani ni wetu au wa jirani, na kama ni wetu kwa nini alikaa kimya miaka yote. Mwengine angemuuliza marehemu kaka yake nambari ya siri ya simu, maana ndani mlikuwa na pesa. "Hilo swali moja, manne yaliyobaki?" "Manne namrudishia, apumzike." Vicheko. Mama mmoja aliyekuwa mlangoni, hajalipa wala haingii, akasema angemuuliza mama mkwe wake kama sasa ameridhika.

Ami yangu alikuwa amekaa benchi la mbele, pembeni. Ni mtu wa kuvua, hana maneno mengi, na sinema anazipenda. Ujanani alikuwa akienda Unguja haachi kupita Majestic kutazama filamu ya Kihindi. Alingoja kelele zipungue, akasema, kama anazungumza na TV:

"Mie ningemuuliza moja tu. Ulikuwa na nani?"

Hakuna aliyeuliza anazungumza na nani. Mwanawe alikuwemo kwenye ile meli iliyozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, inakuja Pemba kutoka Unguja, watu wanarudi baada ya Idi. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na wengi hawakuonekana kabisa. Yeye ni miongoni mwa wasioonekana. Kasaliwa sala ya ghaibu, kasomewa hitima, na kaburi hana. Micheweni nzima, Wete nzima, huwezi kuketi mahali wakawepo watu kumi pasiwe na mmoja wa namna hiyo. Kijana wa mkarafuu alikuwa kampoteza shangazi. Tulijua wote.

Binamu akabonyeza rimoti, picha ikaendelea, lakini alisahau kusimulia. Kwa muda, labda dakika tatu, watu walikuwa wanaongea Kiingereza kwenye TV kwa sauti ndogo na hakuna aliyejali. Kisha mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Na huyu kasema nini?" Binamu akakohoa. "Huyu kasema... kofia anayo kijana wetu wa Shumba." Tukarudi.

Nisimalize hadithi yote, wengine mna hamu ya kuitazama. Ila mwisho lazima niuseme, kwa sababu ndio uliozua ugomvi. Kibao kinapatikana. Edgin ana nafasi ya kumfufua mkewe, jambo alilolitafuta sinema nzima. Lakini Bi Shoka keshauawa na yule mchawi mwekundu, na kibao ni cha mtu mmoja. Anamfufua Bi Shoka.

Wee! Banda likagawanyika. Vijana walisema Idi Gambusi kamsaliti mkewe, ahadi ni ahadi, tena kwa mke wa ndoa. Wengine wakasema mke keshafariki miaka, amani iwe juu yake. Aliyeumaliza mjadala (kwa maoni yangu, maana wengine waliendelea hadi barabarani) ni yule mama wa mlangoni: "Mtoto kamlea nani? Si huyo wa shoka? Basi mtoto angelia mama mara mbili?" Mzee wa "masharti" yeye alikuwa na msimamo wake, kwamba kufufua ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake na hawa Wazungu wametia mkono pasipo pao, lakini kama wangetia, basi angalau walitia kwa mtu wa haki.

Ami hakuchangia. Aliaga, akawasha tochi, akaenda zake.

Kitu kimoja kilipotea usiku ule. Yalipoanza kupanda majina ya waigizaji binamu alizima, kama wanavyozima wenye mabanda wote. Wakati katikati ya majina hayo kuna kipande kifupi. Tunarudishwa makaburini. Yule maiti wa mwisho, waliyemwacha bila kummaliza maswali yake, bado yumo kaburini macho wazi, anaita kama kuna mtu yeyote wa kumuuliza lililobaki.

Nilimhadithia ami asubuhi yake. Alikuwa kaketi uani anasuka dema, miguu kainyoosha, hakuinua uso.

"Walimwacha vilevile?"

"Walimwacha, ami. Wakaenda zao."

"Na swali analo?"

"Analo moja."

Akakaza fundo, akalijaribu kwa kidole gumba, akalikaza tena.

"Hebu mwambie huyo mwenye banda aiweke tena Ijumaa," akasema. "Mie pale kwenye makaburi nilikuwa sisikilizi."